Mwana Akisema Anataka Kusomea Mawasiliano

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana wa Muze, Bonde la Ziwa Rukwa)





Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuwezesha kukutana, na nawashukuru waandalizi walioniita kuteremka Lyamba lya Mfipa kuja kuzungumza nanyi. Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wazazi wa hapa huulizana kila mara matokeo ya kidato cha sita yanapotoka. Kijana amefaulu, mlango wa chuo kikuu u wazi mbele yake, naye anasema hataki ualimu wala sheria, anataka shahada ya mawasiliano ya umma. Baba anahesabu magunia ya mpunga yaliyomo ghalani, anahesabu na ada ya miaka mitatu, kisha anauliza: hivi kusema nako kunahitaji kusomewa chuo kikuu? Mbona bibi yako hakwenda shule, naye akifungua kinywa kijiji kizima hunyamaza?

Swali hilo lisichekwe. Ni swali la mtu anayejua thamani ya jasho lake, na linastahili jibu lenye maelezo.

Tuanze na lile ambalo vijana hawapendi kuambiwa. Wengi wanaoitaka shahada hii wanaitaka ili wasikike redioni au waonekane kwenye televisheni. Ikiwa haja ni hiyo tu, basi shahada si lazima. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, pamoja na kanuni zake za mwaka 2017, ilileta utaratibu wa ithibati kwa waandishi wa habari, na kiwango cha chini cha elimu kilichowekwa ni stashahada. Bodi ya Ithibati imekwisha anza kazi, na kijana asidhani kwamba ataingia katika chombo cha habari kwa sauti nzuri peke yake kama ilivyokuwa zamani. Lakini vilevile asimdanganye baba yake kwamba pasipo shahada hakuna kazi. Stashahada yatosha, nayo huchukua muda mfupi na fedha kidogo zaidi. Aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo manne anaweza kuianza safari hiyo kupitia astashahada. (Masomo ya dini hayahesabiwi katika manne hayo, nalitaja kwa sababu wapo vijana wetu waliolijua hilo wakiwa wamekwisha kufika dirishani.)

Kama mambo ni hivyo, shahada inaongeza nini? Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Wazee mliomo humu mtaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Nchi ilikuwa na redio chache, barabara mbovu kuliko za leo, na watu wengi walikuwa ndiyo kwanza wanajifunza kusoma. Hata hivyo, takribani watu milioni 2 walishiriki. Walishirikije? Hawakukaa kila mtu nyumbani kwake akingoja kutangaziwa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipanga vikundi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 wakafundishwa namna ya kuongoza mazungumzo. Kikundi kilikutana kila wiki, kikasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, kikasoma kijitabu, kikajadili, kisha kikaamua la kutenda: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kufyeka majani yanayozunguka nyumba. Redio ilianzisha mazungumzo, mazungumzo yakaleta uamuzi, na uamuzi ukashika jembe. Vyoo vilivyochimbwa katika msimu ule vilihesabiwa kwa malaki.

Ndugu zangu, huo ndio moyo wa somo la mawasiliano. Mwanafunzi hufundishwa kuuliza kwa nini kampeni ile ilifanikiwa ilhali nyingine nyingi, zenye fedha na mabango mazuri, zimepita kama upepo juu ya ziwa.

Tulitazame jambo hili hapa kwetu. Kipindupindu kimewahi kuingia katika vijiji vya bonde hili, nacho si mgeni anayetangaza siku ya kurudi. Ugonjwa ukija, gari la kipaza sauti hupita, karatasi hubandikwa ofisi ya kijiji, na taarifa huandikwa kwamba wananchi wameelimishwa. Mtu aliyesomea mawasiliano sawasawa haridhiki na taarifa hiyo. Atauliza ni nani aliyelisikia tangazo. Mvuvi aliyeko kambini ziwani wiki nzima lilimfikiaje? Mama wa jamii ya wafugaji ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi tu, nani alimweleza kwa Kisukuma? Bibi wa Kifipa je? Redio zetu hutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza, ndiyo masharti ya leseni, kwa hiyo pengo hilo redio haiwezi kuliziba. Litazibwa na watu wanaokwenda kwa miguu, na mtu lazima awapange. Kisha lipo swali gumu kuliko yote: yule aliyelisikia tangazo akalielewa, akakubali kuchemsha maji, anazo kuni? Ikiwa hana, basi tatizo si masikio yake, na kumwongezea matangazo ni kumdhulumu.

Maswali hayo yana mbinu zake za kuyajibu, nazo ndizo zinazochukua sehemu kubwa ya miaka mitatu ya shahada: utafiti, takwimu, namna ya kumhoji mtu bila kumtia jibu mdomoni, namna ya kulinganisha waliosikia na wasiosikia. Nitawapa mfano mmoja uliofanyika katika nchi yetu hii, nao umesomwa na wanafunzi wa vyuo vya mbali kuliko sisi tunavyoufahamu.

Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa redio uitwao Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na kujikinga na Ukimwi. (Wapo kati yetu wenye maoni yao juu ya uzazi wa mpango, leo sizungumzii hukumu yake, nazungumzia namna mambo yalivyopimwa.) Watafiti walipanga jambo la busara. Mchezo ulisikika sehemu nyingine za nchi, lakini eneo lililohudumiwa na mtambo wa Dodoma halikurushiwa kwa muda wa miaka miwili, 1993 hadi 1995. Kwa saa ile Dodoma walisikiliza vipindi vingine. Kwa njia hiyo ikawezekana kulinganisha: huku wamesikia, kule hawajasikia, na mambo mengine yanakaribiana. Mabadiliko yalionekana zaidi kule mchezo uliposikika, na uliporushwa Dodoma baadaye, huko nako mabadiliko yakaonekana. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Tazameni tofauti ya kauli mbili: "Nadhani kipindi chetu kinapendwa," na "Tulilinganisha tukaona." Kauli ya kwanza anaweza kuitoa mtu yeyote mwenye kipaza sauti. Ya pili inahitaji kusomewa.

Hili la kuchunguza kabla ya kusema halitufikii sisi Waislamu kama jambo geni. Sura Al-Hujurat inatuamrisha kuichunguza habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Na wanazuoni wa Hadithi waliijenga elimu nzima juu ya swali dogo: umelipata kwa nani, naye alilipata kwa nani? Waliandika maisha ya wapokezi, wakamtenga mwenye kusahau na mwenye kutia chumvi, wakakataa maneno mazuri kabisa kwa sababu tu mnyororo wake ulikuwa umekatika. Nasikitika nikiona kijana anayeijua isnadi kwa majina akipokea ujumbe wa simu usio na mwanzo wala mwenyewe, na kabla jua halijazama ameusambaza kwa vikundi vitano. Ameiacha elimu ya wazee wake msikitini kama mtu aliyesahau viatu.

Wala si Waarabu wa kale peke yao. Katika pwani yetu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza kutoa Sahifa mwaka 1930, kisha mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliona kwamba maneno ya mimbari huishia ukutani, na kwamba watu wasomao Kiswahili wanahitaji kuandikiwa Kiswahili. Hakuwa na shahada ya mawasiliano. Shahada hiyo haikuwapo Afrika Mashariki. Alikuwa na elimu ya dini na jicho la kuwajua wasomaji wake. Baadaye, mwaka 1937, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Nalitaja hilo ili kijana ajue kwamba hekima ya kazi hii ilitangulia vyeti vyake, na asije akarudi na joho akidhani amewaletea wazee kitu wasichowahi kukiona.

Ama kuhusu mahali pa kusomea, sitawachosha. Nairobi walikuwa na shule ya uandishi wa habari katika chuo kikuu tangu mwaka 1970, na Makerere wakaanza shahada ya mawasiliano ya umma mwaka 1988. Kwetu Tanzania, Chuo cha Uandishi wa Habari kilianzishwa mwaka 1975 kikitoa mafunzo ya stashahada. Mwaka 2003 kikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2008 kikawa Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma. Kule Mwanza, kituo cha Nyegezi kilichoanza mwaka 1960 kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998, nacho kinajulikana sana kwa somo hili. Waislamu wengi wamesoma hapo. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza mwaka 2005, nacho kimekuwa na masomo ya mawasiliano. Na kwa asiyeweza kuondoka nyumbani, Chuo Kikuu Huria kina kituo Sumbawanga. Angalieni tu jina la kozi wakati wa kuomba: uhandisi wa mawasiliano ya simu ni kozi nyingine kabisa, yenye kudai hisabati na fizikia.

Kuna jambo ambalo hakuna chuo kinachoweza kulitoa, nami sitakuwa mkweli nikilificha. Mwaka 2008, wakati ndugu zetu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa kwa imani za kishirikina, mwandishi Vicky Ntetema wa BBC alikwenda kwa waganga akijifanya mteja anayetaka utajiri, akarudi na habari ya namna viungo vya binadamu vilivyokuwa vikitajiwa bei. Alitishiwa maisha, ikambidi ajifiche. Mwaka 2010 alipewa tuzo ya kimataifa ya ujasiri kwa waandishi wanawake. Mkoa wetu wa Rukwa nao haukusalimika na unyama ule, sote tunajua, na tunajua pia jinsi watu walivyonyamaza wakiwa na la kusema. Kijana anayeomba kusomea kazi hii ajiulize kama yuko tayari kulisema jambo ambalo jirani yake, pengine mjomba wake, hataki lisemwe. Chuo kitamfundisha kulithibitisha, kulipanga, na kujua sheria inayomlinda na inayomfunga. Kusema kwenyewe kutatoka kwake.

Na hapa nawageukia akina baba kwa upole. Nimesikia ikisemwa kwamba kazi ya habari haimfai binti, kwamba itamzungusha usiku na kumkutanisha na wanaume. Hatari zipo, sizikanushi. Lakini nani ataingia jikoni kwa mama mfugaji kumwuliza anakunywa maji ya wapi? Nani ataketi na msichana aliyeachishwa shule akamsikiliza mpaka aseme? Mtu mwanamume atapewa majibu ya adabu, basi. Katika bonde hili nusu ya habari zote inashikwa na wanawake, na hatutaipata kwa kuwatuma vijana wa kiume peke yao.

Sasa fedha. Ili kuingia shahada, masharti ya chini ya Tume ya Vyuo Vikuu ni kufaulu masomo mawili katika kiwango cha juu cha mtihani wa kidato cha sita, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, yaani hata herufi D mbili. Kila chuo kinaweza kuongeza masharti yake. Mwenye stashahada anaingia akiwa na wastani usiopungua 3.0. Mkopo hutolewa na Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, nayo ina kozi za kipaumbele: afya, ualimu wa sayansi na hisabati, uhandisi na zinazofanana nazo. Mawasiliano hayako mstari wa mbele. Mwanafunzi anaweza kupata sehemu tu ya mkopo, na mzazi ajiandae kwa hilo mapema kuliko kuuza ng'ombe kwa bei ya haraka mwezi wa kumi.

Wapo wazazi waliojiepusha na mkopo huo kwa hofu ya riba, kwa sababu ya ile nyongeza ya asilimia 6 iliyokuwa ikitozwa kila mwaka kulinda thamani ya fedha. Nyongeza hiyo ilifutwa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa. Hukumu ya dini mwaulize masheikh wenu, mkiwa na mkataba mkononi ili wausome, wala msiwaulize kwa kusikia. Mjue pia kwamba aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe.

Maoni yangu mwenyewe ni haya, nanyi mna haki ya kuyakataa. Kijana mwenye uwezo mdogo wa fedha aanze na stashahada, afanye kazi, kisha aendelee na shahada akiwa na miguu yake. Atakayekwenda moja kwa moja shahada, achukue pamoja nayo ujuzi wa jambo la pili la kuzungumzia: afya, kilimo, uvuvi, sheria, hesabu za fedha. Mtu anayejua mawasiliano tu ni kama mtumbwi uliotengenezwa vizuri usiobeba samaki. Ajira katika vyombo vya habari ni chache na mishahara mingi huko ni midogo. Anayemficha kijana hilo hamtakii mema. Kazi zilizo nyingi zaidi zimo katika halmashauri, hospitali, mashirika ya maendeleo, vyama vya ushirika na kampuni, mahali ambapo mtu wa mawasiliano hutakiwa aijue kazi ya wengine kabla ya kuieleza. Na asikiache Kifipa chake, wala Kisukuma chake. Huko chuoni atakutana na watu wenye Kiingereza safi kuliko chake, lakini katika kambi za wavuvi wa Ziwa Rukwa hao ndio watakaohitaji mkalimani.

Namalizia kwa jambo la karatasi, kwa kuwa ndilo linalowaangusha vijana wa bondeni kuliko alama zao. Bodi ya Mikopo hudai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa vivyo hivyo. Watoto wetu wengi walizaliwa nyumbani na hawana cheti. Wengine wanacho lakini jina la shuleni ni Ramadhani na la kwenye cheti ni jina la babu. Kurekebisha huchukua wiki kadhaa na safari za kupanda mlima hadi Sumbawanga, na masika barabara ya Ntendo mnaijua wenyewe. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto kidato cha tano au cha sita, aanze kulishughulikia mwezi huu, asingoje matokeo. Walimu waliopo hapa wamekubali kubaki baada ya sala ya Isha kuangalia vyeti vya atakayekuja navyo. Maombi yenyewe hufanyika kwa mtandao. Yafanyeni mjini mahali penye mtandao wa uhakika, kijana mwenyewe akiwa amekaa mbele ya kompyuta, na namba ya siri ikibaki kwake.

Sasa napokea maswali, nikianza na upande wa akina mama.